Johannesburg hadi Perth: mbona kwenda ni saa 9 na kurudi ni saa 11?

Mkaaji wa Katuba

Ndugu zangu, salamu kutoka Lubumbashi. Mama yetu mzazi, ambaye ametimiza miaka 67 na hajawahi kupanda ndege ya mbali kuliko ile ya Kinshasa, anajiandaa kwenda Perth, Australia, kumsaidia dada yangu aliyejifungua. Shemeji yetu ni fundi wa migodi. Aliacha machimbo ya huku Katanga akafuata machimbo ya kule, na sasa mjukuu amezaliwa ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Tiketi tumeshaikata, lakini kila ninapoisoma naona hesabu zake hazinikai kichwani, na mama ananiuliza maswali ambayo nashindwa kuyajibu.

Ninaandika saa kwa tarakimu kama zilivyo kwenye tiketi, kwa sababu hapa mjini saa 21:00 mmoja huiita saa tatu ya usiku na mwingine saa tisa, na sitaki tuanze kwa kupotezana. Ndege ya kwanza inaondoka Luano, uwanja wa ndege wa hapa Lubumbashi, saa 13:30 na kutua Johannesburg saa 16:00. Hapo sina shida. Ya pili inaondoka Johannesburg saa 21:00 na kufika Perth saa 12:20 ya siku inayofuata. Wakati wa kurudi inaondoka Perth saa 23:50 na kufika Johannesburg saa 04:55. Kwa hesabu ya vidole, kwenda ni saa 15 na dakika 20, na kurudi ni saa 5 na dakika 5, ilhali bahari ni ileile na viwanja ni vilevile.

Kijana wa ajansi tuliyokatia tiketi alimwambia mama bila kusita kwamba atakaa angani saa 15 mfululizo, chini ni maji matupu. Mama alinyamaza, akavua kiatu kimoja, akautazama mguu wake ambao huvimba akikaa sana, kisha akauliza kama dada hawezi kutumiwa vitenge na pesa tu. Dada naye anasema kwenye simu kwamba kwenda ni saa 9 na kitu, na kurudi ni 11. Nani ana haki?

Umbali nao umenitatiza. Kwenye intaneti nimepata kilomita 8,310 kati ya viwanja hivyo viwili. Nikachukua rula, nikapima kwenye ramani ya dunia iliyobandikwa ukutani kwetu, nikatumia kipimo kilichochapishwa pembeni yake, nikapata karibu kilomita 9,800. Tofauti ya kilomita 1,500 si kosa la mkono kutetemeka, maana ni karibu sawa na kutoka hapa hadi Johannesburg.

Mwalimu wa Kamalondo

Ndugu yetu wa Katuba, rula yako haina kosa, na wewe hukukosea kupima. Ramani ndiyo iliyokudanganya, nayo hudanganya kwa utaratibu.

Ramani nyingi za ukutani huchorwa kwa namna inayonyoosha mistari ya longitudo iende sambamba, kama nguzo za uzio, ilhali kwenye dunia yenyewe mistari hiyo hukaribiana kadiri unavyoiacha ikweta. Kwa hiyo kipimo kilichoandikwa pembeni ni cha kweli kwenye ikweta peke yake. Johannesburg iko latitudo ya 26 kusini, na Perth iko karibu na 32 kusini. Huko digrii moja ya longitudo, ambayo kwenye ikweta ni kilomita 111, imeshapungua hadi kilomita 100 kwa upande wa Johannesburg na 94 kwa upande wa Perth. Ukizidisha tofauti hiyo kwa digrii 88 zilizo kati ya miji hiyo, utaziona zile kilomita zako zilizozidi.

Lakini hata ukiusahihisha ule mstari wako wa rula kwa kupunguza urefu wa digrii ipasavyo, utapata kama kilomita 8,550, wala si 8,310. Hapa ndipo ninapowaambia wanafunzi wangu waiache ramani na kulishika tufe. Shuleni kwetu tuna moja lenye kipenyo cha sentimita 30, limebonyea kidogo upande wa Pasifiki kwa sababu liliwahi kuanguka kutoka kabatini. Nilifumua uzi wa mfuko wa unga, mwanafunzi mmoja akakibana kidole chake Johannesburg, mwingine akauvuta uzi hadi Perth ukakaza. Ulipokaza tu, uzi uliteleza wenyewe kuelekea kusini, ukaacha kabisa njia ambayo wote walitarajia, ukapinda upande wa Antaktiki. Darasa lilidhani umeponyoka. Tulipoupima ulikuwa sentimita 19 na nusu. Kwa tufe la ukubwa ule kila sentimita ni kilomita 425, nawe unaweza kuzidisha mwenyewe.

Hiyo ndiyo njia fupi kuliko zote juu ya kitu cha mviringo, nayo ni kipande cha duara kuu, yaani duara linaloikata dunia katikati. Kati ya Johannesburg na Perth duara hilo hushuka hadi karibu latitudo ya 38 kusini, kisha hupanda tena. Likifika huko chini kabisa hupita jirani sana na kisiwa kidogo cha Ufaransa kiitwacho Amsterdam, ambacho watu wake ni watafiti wachache tu na hufikiwa kwa meli. Basi 8,310 ya intaneti ni urefu wa uzi huo uliokazwa. Marubani huihesabu kwa maili za baharini, ambazo kila moja ni mita 1,852, nao wangekwambia kwamba ni maili 4,487 hivi.

Kuhusu saa nawaachia wengine, maana mimi ni mtu wa ramani.

Fundi wa Ruashi

Mdogo wangu, mwambie mama avae kiatu chake. Kijana wa ajansi alitoa saa ya kuondoka kutoka saa ya kufika, kama vile saa za miji yote miwili zimetundikwa kwenye ukuta mmoja.

Kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni saa ya mji ule ulioandikwa kando yake. Lubumbashi na Johannesburg tunatumia saa moja, yaani tuko saa 2 mbele ya saa ya kimataifa, ndiyo maana safari ya kwanza haikukupa shida. Perth iko saa 8 mbele, kwa hiyo kati yetu na wao kuna saa 6. Ukitaka muda wa kweli wa kuelekea mashariki, toa 6 kutoka 15:20, unabaki na 9:20. Ukirudi magharibi, ongeza 6 kwenye 5:05, unapata 11:05. Dada yako alisema kweli.

Jambo jema ni kwamba hesabu hiyo haibadiliki mwaka mzima. Sisi hatusogezi saa, Afrika Kusini hawasogezi, na Australia ya Magharibi nao hawasogezi. Waliulizwa kwa kura mwaka 2009 wakakataa. Ingekuwa Sydney ungelazimika kuuliza kwanza ni mwezi gani.

Nikuongezee na muda wote wa safari, kwa maana huo ndio utakaoonekana kwenye miguu ya mama. Kutoka 13:30 hapa Luano hadi 12:20 ya Perth, ambayo kwetu ni 06:20 ya alfajiri, ni saa 16 na dakika 50, na ndani yake kuna saa 5 za kukaa kiwanjani Johannesburg, ambako anaweza kutembea apendavyo. Na hizo saa 9:20 zenyewe zinahesabiwa tangu ndege inapoondoka mahali ilipoegeshwa hadi inapoegeshwa tena. Muda wa kuwa hewani hasa unapungua kidogo.

Kijana wa Kampemba

Nashukuru kwa maelezo ya saa, Papa Fundi, lakini bado hujasema kwa nini 9:20 si sawa na 11:05. Mimi nilifundishwa kwamba dunia huzunguka kuelekea mashariki, basi ndege ikienda huko… hapo nachanganyikiwa mwenyewe, kwa sababu ingekuwa hivyo Perth ingekuwa inaikimbia ndege, na kwenda ndiko kungechukua muda mrefu zaidi. Au ni kinyume chake?

Mwana wa Luano

Mdogo wangu wa Kampemba, umejikamata mwenyewe kabla hatujakukamata, na hiyo ni akili. Nimefanya kazi miaka mingi pembezoni mwa uwanja wa ndege, na swali hilo nimelisikia kwa abiria zaidi ya swali lingine lolote isipokuwa lile la uzito wa valizi.

Mzunguko wa dunia haumsogezi abiria mbele wala nyuma, kwa sababu hewa nayo huzunguka pamoja na ardhi. Mbu aliyeingia ndani ya basi la Likasi huruka kutoka kiti cha nyuma hadi cha mbele kwa urahisi uleule ambao angeruka nao ndani ya nyumba, hata kama basi linakimbia. Wala hahitaji kuongeza nguvu ili asiachwe na dereva. Kinachobadilisha muda ni hewa inayotembea zaidi ya ardhi, yaani upepo. Ni kama kufungua madirisha yote ya lile basi.

Katika latitudo hizo za kusini, kati ya 30 na 60 hivi, upepo mkubwa huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na kadiri unavyopanda juu ndivyo unavyozidi nguvu. Kwenye kimo cha kilomita 10 hadi 12, ambako ndege za mbali hupita, kuna mikondo myembamba ya upepo iendayo kasi sana, na wakati wa baridi ya kusini, kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, mikondo hiyo huzidi ukali. Chini kwenye maji upepo huohuo wa magharibi ndio uliokuwa ukizisukuma merikebu za matanga kutoka Rasi ya Tumaini Jema kuelekea Australia, na mabaharia waliushuka kusini kuutafuta kwa makusudi, ingawa uliwatesa kwa mawimbi.

Tufanye hesabu ya mfano. Ndege ikate hewa kwa kilomita 870 kwa saa, na upepo uwe wa wastani wa kilomita 90 kwa saa njia nzima. Kwenda inasafiri juu ya bahari kwa 960, nazo kilomita 8,310 zinaisha kwa saa 8 na dakika 39. Kurudi inabaki na 780, na umbali uleule unachukua saa 10 na dakika 39. Ongeza nusu saa au zaidi ya kutembea chini, kupanda na kujipanga kutua, utakuta umekaribia sana yaliyoandikwa kwenye tiketi ya mama.

Angalieni jambo moja ambalo hunifurahisha kila ninapolikokotoa. Bila upepo kabisa, kwenda na kurudi kungechukua saa 19 na dakika 6. Kwa upepo huu wa mfano ni saa 19 na dakika 18. Upepo ulikupa ulipokwenda ukakunyang'anya uliporudi, lakini haukurudisha hesabu sawa. Umebaki na dakika 12 zako. Sababu ni kwamba unapopingana nao unakaa nao muda mrefu zaidi kuliko unapobebwa nao.

Kwa hiyo rubani hafuati ule uzi wa Mwalimu kama reli. Akielekea mashariki anatafuta mkondo na kuupanda, hata ukimzungusha kidogo. Akirudi anaukwepa kwa kupita kaskazini zaidi, akikubali kilomita nyingi ili apate upepo mdogo. Kilomita 8,310 ni kipimo cha dunia, na njia ya siku ile huamuliwa saa chache kabla ya kuruka, baada ya ramani za upepo kusomwa.

Mwalimu wa Kamalondo

Mwana wa Luano, nimekubali yote, ila nina swali kuhusu kisiwa changu cha Amsterdam. Je, upepo peke yake ndio unaoiondoa ndege kwenye njia hiyo?

Mwana wa Luano

Hapana, Mwalimu, na umenikumbusha jambo nililoliruka. Ndege nyingi za siku hizi zina injini mbili, na sheria inataka kwamba injini moja ikizimika, iliyobaki iweze kuifikisha ndege kwenye uwanja unaofaa ndani ya muda uliowekwa kwa kibali chake. Dakika 180 ni kibali cha kawaida, na baadhi wanacho kikubwa zaidi. Sasa jiweke juu ya Amsterdam. Kisiwa chenyewe hakina njia ya kutulia ndege. Perth iko mbele yako kilomita 3,540 hivi, na Morisi iko kaskazini-magharibi kilomita 2,720 hivi. Kwa injini moja, kwa mwendo wa kilomita 780 kwa saa, kufika Morisi kunachukua karibu saa tatu na nusu. Mwenye kibali cha dakika 180 haruhusiwi kabisa kupita pale, inambidi apinde kaskazini ili visiwa vyenye viwanja vibaki karibu. Ndiyo maana bahari hii ya kusini ilikuwa kwa muda mrefu mahali pa ndege za injini nne.

Tena kuna bahati ya jiografia ambayo wachache huitaja. Uwanja wa Johannesburg uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na ndege nzito hupata taabu kuinuka, hata njia yake ya kurukia ikabidi iwe ndefu kupita kilomita 4. Uwanja wa Perth uko mita chache tu juu ya bahari. Safari ngumu, ile ya kupingana na upepo, inayodai mafuta mengi, ndiyo inayoanzia mahali ambapo ndege huinuka kwa urahisi. Ingekuwa kinyume chake, tungesikia mara nyingi zaidi kwamba mizigo imeachwa.

Mama wa Bel-Air

Watoto wangu, mimi nilikwenda Perth mwaka juzi kumwona mwanangu, na sikupita Johannesburg. Nilipita Addis Ababa, kisha Dubai, kwa sababu tiketi ilikuwa na bei nafuu. Sitamlaumu aliyenishauri, lakini nilifika nikiwa sijui leo ni siku gani. Kwani Mwalimu, njia hiyo ni ndefu kiasi gani? Nimekuwa nikitaka kujua tangu nilipotua.

Mwalimu wa Kamalondo

Mama yetu, pole sana. Kwa uzi wangu: Lubumbashi hadi Addis Ababa ni kama kilomita 2,600, Addis hadi Dubai 2,500, na Dubai hadi Perth kama 9,040. Jumla imepita 14,100. Njia ya Johannesburg ni 1,620 ujumlishe 8,310, yaani 9,930. Na kama kungekuwa na ndege ya moja kwa moja kutoka Luano, ambayo haipo, ingekuwa kama 9,180 tu. Ulivuka ikweta kwenda kaskazini ili uivuke tena kurudi kusini, Mama. Hizo kilomita 4,200 za ziada ndizo zilizolipia unafuu wa bei.

Mkaaji wa Katuba

Nawashukuru wote. Jana jioni niliketi na mama, nikamwekea papai mezani badala ya tufe, nikalizungushia uzi kama Mwalimu alivyoeleza, na uzi ukateleza kweli kuelekea chini. Hakuonyesha kujali sana habari za duara kuu, ila aliposikia kwamba ni saa 9 na kitu aliuliza kama vitenge vinne vinatosha au aongeze. Nimechukua hilo kuwa jibu.

Limebaki swali moja lake, nami nimeshindwa kulijibu: ataona usiku kwa muda gani? Anataka kujua kwa ajili ya sala na dawa yake ya presha, ambayo huinywa kila asubuhi.

Fundi wa Ruashi

Kwenda, usiku utakuwa mfupi, kwa sababu ndege inalikimbilia jua. Ikiondoka saa 21:00, kukiwa ni majira ambayo mchana na usiku vinalingana, atawaona wahudumu wakifungua madirisha baada ya kama saa tano na nusu, wakati hapa Katuba ni 02:30 na majogoo bado wamelala. Kurudi ni kinyume: ataondoka Perth usiku, na saa 11 zote zitakuwa giza, kwa kuwa jua linakuja nyuma yake bila kumfikia, atatua Johannesburg saa 04:55 kabla hapajapambazuka.

Kuhusu dawa, muulizeni daktari wake kabla ya siku ya safari, na mpelekeeni saa zote mbili zikiwa zimeandikwa. Muhimu ni kwamba asiifuate asubuhi ya dirishani, maana hiyo itamjia mapema sana. Aache saa yake ya mkononi kwenye saa ya Lubumbashi hadi ashuke.

Na dada yako mwambie aiangalie vizuri tarehe. Kwenye tiketi, kando ya 12:20, kuna alama ndogo ya kujumlisha na tarakimu 1. Maana yake ni siku inayofuata. Mama akiondoka Jumanne, asubiriwe Jumatano mchana. Mwanangu mmoja aliwahi kwenda kumpokea mgeni siku moja kabla, akazunguka kiwanjani na maua mkononi hadi walinzi wakamwuliza anatafuta nini.